Siku Picha Ilipokataa Kupanda Makaburini

Wateja wanaoingia dukani kwetu Kimanga, hapa mjini Uvira, huniuliza swali moja tangu zamani, na bado wananiuliza ingawa sasa mimi hukaa tu nyuma ya meza na kazi yenyewe iko mikononi mwa fundi wangu Neema: "Papa Byamungu, rezo gani njo ya muzuri?"

Rezo, yaani mtandao. Siwajibu upesi. Kwanza nawauliza: utakuwa umekaa au unatembea? Utapeleka sauti au picha? Utakuwa peke yako au katikati ya watu? Wengine hukasirika. Juzi kijana mmoja alimgeukia Neema akamwambia, "Huyu papa iko anauzisha, ao iko ananipima kama ku hopitali?"

Neema akamjibu, "Anakupima. Ukikataa kupimwa, utakunywa dawa ya mwengine."

Ninyi mnaoanza kazi ya mitandao isiyo na waya, magoti yangu hayapandi tena minara, kwa hiyo nawaandikia. Sikusoma kazi hii katika shule yoyote. Niliisoma katika vitabu vya maelezo vilivyokuja ndani ya makatoni ya mashine, kamusi ya Kifaransa ikiwa pembeni, na sehemu kubwa niliisoma juu ya mapaa ya watu. Jambo la kwanza nililolielewa, na ambalo sijaona likikanushwa hadi leo, ni kwamba kila mtandao umetoa kitu fulani ili upate kingine. Unaokuruhusu kutembea mbali hukunyima upana. Unaokupa upana hutaka ukae karibu, au ukae kimya mahali pamoja. Upana ninaousema ni wingi wa vitu vinavyoweza kupita kwa wakati mmoja. Sauti ya mtu huhitaji nafasi ndogo sana. Picha inayotembea huhitaji nafasi kubwa.

Mimi nilianzia kwenye foni. Wengi wenu hamkuiona. Ilikuwa redio ya kusema kwa zamu, yenye betri ya gari chini ya meza na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Kabla ya simu za mkononi, hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu. Mzee Kashindi, aliyenifundisha, alikuwa na foni yake Mulongwe, karibu na mto, na watu walipanga mstari nje wakingoja kusema na ndugu zao wa Baraka, wa Kalemie, hata wa mbali zaidi. Mawimbi yake yalipanda hadi juu sana angani, yakarudi chini upande wa pili wa milima. Yalifika mbali kuliko mnara wowote mnaoujua ninyi. Lakini njia ilikuwa nyembamba mno: sauti moja, tena kwa zamu. Wewe ukisema, mwenzako hawezi kusema. Na mstari wote ulikuwa unasikia. Nakumbuka bwana mmoja aliyemwomba mke wake wa Kalemie arudi nyumbani. Kabla mke hajajibu, wamama waliokuwa mlangoni walikuwa wameshajibu: "Mama, usirudie! Huyu tunamujua!"

Kashindi hakuvumilia maneno mengi. Mtu akianza kuwasalimu shangazi wote mmoja mmoja, alimkata. "Baba, betri iko inakufa. Sema: mutoto amezaliwa, mama iko muzima. Nyamaza. Ngoja." Na hakumruhusu mtu kuondoka kwenye kiti kabla ya kusikia neno moja kutoka upande wa pili: nimepata. Neno hilo lisiposikika, ujumbe ulirudiwa. Mtu angeweza kulia, kutukana, kusema ana haraka. Kashindi alimrudisha kitini. "Umesema, ndiyo. Yeye amepata? Haujui. Kaa."

Nilipotoka kwenye foni nikaingia kwenye masahani, zile antena zenye umbo la sahani. Sahani mbili zinatazamana, moja Kimanga, nyingine Nyamianda au ng'ambo ya mto, na kati yao hupita vitu vingi sana: picha, hesabu za benki, masomo ya wanafunzi. Huo ni upana wa kweli. Lakini sahani haisogei. Ikigeuka kwa upana wa vidole viwili, umeipoteza. Mteja mmoja wa Mulongwe alinipigia akisema mtandao wake hufa kila asubuhi na kufufuka saa sita mchana. Nilibadilisha waya, nikabadilisha mashine, bila mafanikio. Siku niliyofika mapema ndipo nilipomkuta jirani yake akianika kitenge kibichi juu ya mlingoti wangu, mbele ya sahani kabisa. Kitambaa chenye maji humeza mawimbi hayo kama ukuta. Saa sita kitenge kilikuwa kimekauka. Nilimwomba mama yule aanike kwingine. Akaniuliza, "Sasa hewa nayo njo umeinunua?"

Kisha kuna waifai, ambayo ni upana huohuo ukimwagwa ndani ya nyumba. Unaweza kuzunguka nayo uani, lakini si zaidi ya ua. Ukuta wa matofali huipunguza, na bati huiua. Nimewahi kuitwa kwa mtu aliyefungia mashine yake ndani ya kantini, yaani sanduku la chuma, kwa kuogopa wezi, halafu akalalamika kwamba mtandao haufiki kitandani. Nilimwambia hakuna mwizi atakayeuona, hata yeye mwenyewe hatauona.

Na kuna mtandao wa simu, ambao wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Ukitoka Kalundu hadi Kavimvira, mnara mmoja unakukabidhi kwa mwingine njiani nawe huhisi chochote. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba kila mnara una upana wake, na upana huo hugawanywa kwa watu wote walio chini yake. Mkiwa watatu mnashiba. Mkiwa mia tatu kila mmoja analamba kijiko.

Mambo haya niliyajua yote siku Furaha alipokuja dukani. Hata hivyo siku ile yalinifundisha upya, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Furaha ni binti wa Mama Nabintu wa Nyamianda, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, ambaye nusu ya mji ilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Mama Nabintu alikuwa amefariki jana yake. Mtoto wake wa kwanza, Bahati, yuko mbali, katika nchi ambayo bado inachunguza makaratasi yake. Akitoka, hataruhusiwa kurudi. Na katika familia ile kuna desturi, sijui kama koo zote zinayo: mtoto wa kwanza husimama kwenye ukingo wa kaburi, humwachilia mzazi kwa maneno yake mwenyewe, na ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Kabla hajasema, hakuna anayegusa jembe. Asipokuwepo, mjomba husema badala yake. Baba yao alipozikwa, Bahati alikuwa tayari huko mbali, na mjomba ndiye aliyesema. Furaha aliniambia kwamba baada ya hapo kaka yake alinyamaza miezi mingi, hakupokea simu ya mtu.

"Papa Byamungu," akasema, akimwita kaka yake mkubwa yaya kama tunavyosema huku, "minye sitafuti picha ya kupendeza. Ninataka yaya awe pale. Aseme yeye mwenyewe. Kukosekana mara ya pili hataiweza."

Tukaigawa siku katika sehemu tatu, kwa sababu msiba hutembea. Nyumbani, njiani, makaburini. Nyumbani tuliweka sahani juu ya paa iliyotazamana na ya duka letu, na waifai uani. Njiani tungetumia simu. Makaburini vilevile, maana kule juu hakuna umeme wala mahali pa kusimamisha sahani. Mimi na Neema tulipanda makaburini siku moja kabla, tukajaribu. Picha ilienda vizuri, safi. Tulikuwa watu wawili tu na mbuzi kadhaa.

Siku ya mazishi, nyumbani kulienda sawa kupita matarajio yangu. Wamama waliiweka tableti juu ya kiti cha mtoto wa kwanza, kando ya jeneza, na kila aliyeingia alimsalimia Bahati kama yuko pale. Shangazi mmoja mzee alimsogelea hadi paji lake la uso likajaza kioo chote.

"Bahati! Juu ya nini umekonda hivi? Kule habakulishe?"

"Niko nakula, tantine."

"Unakula nini? Baridi?"

Watu wakacheka kidogo, hata Furaha. Mjomba wao, Papa Sadiki, hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyooka, mwenye koti jeusi lililofungwa vifungo vyote, na tangu asubuhi alikuwa akitazama mawingu juu ya milima.

Jeneza lilipotoka, waifai ilitufikisha hadi ukuta wa jirani, ikaisha pale pale. Neema alikuwa amejiandaa. Alihamia kwenye mtandao wa simu kabla haijakatika kabisa, akapanda nyuma ya lori lililobeba jeneza akiwa ameinua simu. Picha ilipungua ubora, nyuso zikawa madoa, lakini ilienda. Minara ilitukabidhi mmoja kwa mwingine kama inavyopaswa. Bahati aliona migongo ya watu, miamvuli, na kipande cha ziwa kila barabara ilipopinda.

Tulipofika juu, picha ikasimama. Ilisimama Papa Sadiki akiwa katikati ya kupiga kelele kwa wabebaji, na kwa muda mrefu Bahati hakuona kitu kingine ila mdomo wa mjomba wake ukiwa wazi.

Mkifikiri mtajua sababu. Kilima ni kilekile, simu ni ileile, mnara ni uleule. Lakini jana tulikuwa wawili na mbuzi, leo mji mzima ulikuwa umepanda kumzika Mama Nabintu, na karibu kila mmoja alikuwa akipeleka picha kwa ndugu yake wa mahali fulani. Upana wa mnara ulikuwa umegawanywa hadi hakuna aliyeshiba. Papa Sadiki alipoelezwa, aligeuka akapaza sauti, "Zimeni data zenu yote!" Walizima wachache. Wengine walimrekodi akisema hivyo.

Hapo Furaha akakumbuka kadi yake ya pili. Yeye hununua vitambaa Bujumbura, kwa hiyo simu yake ina kadi mbili, moja ya huku na moja ya Burundi, kama ilivyo kwa wafanyabiashara wengi wa Uvira. Makaburi yetu yako kwenye mteremko unaotazama maji, na ng'ambo ya ziwa minara ya Burundi inaonekana waziwazi, bila kilima wala nyumba katikati. Akabadilisha kadi, akampigia Bahati kwa simu hiyo yake. Vijiti vya rezo vikajaa vyote.

"Angalia!" kijana mmoja wa kwaya akasema. "Rezo iko imejaa mupaka juu!"

Na kweli, Bahati akatokea kwenye kioo, safi, amesimama katika chumba kidogo, amevaa suti. Watu walishangilia. Furaha akasema, "Yaya, tumefika. Sema sasa."

Bahati akatazama kioo chake. "Halo? Furaha? Munanisikia? Halo?"

"Tunakusikia, yaya! Sema!"

"Halo? Minye sioni kitu. Furaha? Mumeanza?"

Tulikuwa tukimwona na kumsikia. Yeye hakutuona wala hakutusikia. Aliendelea kuita. Alisogeza uso karibu, akauondoa, akafuta kioo kwa mkono wa koti, kana kwamba vumbi ndilo lililomzuia kutuona.

Hili andikeni vichwani, kwa sababu ni kosa letu sisi wa mwambao huu, na watu wa bara hawalifanyi. Vile vijiti vinaonyesha jinsi simu yako inavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyoisikia simu yako. Mnara ni mkubwa, una umeme mwingi, sauti yake huvuka ziwa bila shida. Simu ni kitu kidogo chenye betri ndogo. Kutoka upande huu wa maji inaweza kusikia vizuri sana, lakini jibu lake linafika ng'ambo kama mnong'ono. Mnong'ono unaweza kubeba neno moja au mawili. Hauwezi kubeba picha inayotembea. Na siku ile, kupeleka picha ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Matone ya kwanza yakaanza. Wachimbaji walikuwa wamesimama na majembe, na mchungaji alikuwa amemaliza sala. Papa Sadiki akavua kofia.

"Furaha, inatosha. Mvua haingojee rezo. Nitasema minye."

"Mujomba, ungojee kidogo."

"Nimengoja tangu nyumbani! Mama yenu ataloana juu ya telefone?" Akapiga hatua kuelekea kaburi. Furaha akasimama mbele yake. Hakumgusa, alisimama tu. Kwenye kioo Bahati alikuwa bado anaita.

Mimi nilikuwa nikihesabu jinsi ya kuirudisha picha. Neema ndiye aliyesema, "Papa, tuachane na picha."

Alikuwa tayari amefungua simu yake mwenyewe, yenye kadi ya kawaida ya huku. Katika mipangilio aliilazimisha itumie ule mtandao wa zamani tu, wa kizazi cha pili, ambao vijana huucheka. Mtandao huo una njia nyembamba iliyotengwa kwa ajili ya sauti. Watu wote pale juu walikuwa wamejazana kwenye ule mpana, wanasukumana kwa picha zao. Kwenye ule mwembamba hapakuwa na mtu. Kisha akamtumia Bahati ujumbe mfupi wa maandishi, kwa sababu maandishi hupita hata pale ambapo sauti inashindwa: piga namba hii, sauti tu.

Nilimwomba kijana wa kwaya bafle yake ndogo, ile spika ya bluetooth. Huo nao ni mtandao usio na waya, mdogo kuliko yote, unaofika hatua chache tu, na upana wake unatosha wimbo. Sisi tulihitaji chini ya wimbo.

Simu ikalia. Papa Sadiki ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukingo, nami sikuwa na muda wa kuchagua. Nikamwekea bafle mikononi. Aliitazama, akanitazama, kisha akaishika kwa mikono miwili.

"Furaha?" Sauti ya Bahati ikatoka, nyembamba kidogo, lakini yote ilikuwa pale.

"Yaya, tunakusikia. Weye unatusikia?"

"Niko nasikia. Niko nasikia, Furaha. Sioni, lakini niko nasikia. Mama iko wapi? Mumeshamuingiza? Mimi nilikuwa nimevaa, nilikuwa nimejipanga, halafu mukapotea, nikafikiri..." Akaanza kulia, na maneno yakaanza kuingiliana na ya dada yake, maana sauti ilichelewa kidogo kufika kila upande.

Nikainamia simu, nikajikuta nasema kwa sauti ya Mzee Kashindi. "Bahati, minye Papa Byamungu. Mama iko ndani, bado hajafunikwa. Tunakungoja weye. Sema fupi. Ukimaliza, sema umemaliza. Halafu ngoja. Tutakuambia kama tumepata."

Nilisikia pumzi yake.

"Mama," akasema, "minye Bahati, mutoto wako wa kwanza. Ulitulea na ndagala. Hatukukosa. Furaha iko na nyumba, minye niko na Furaha. Sasa uende. Tumekuachilia. Nimemaliza."

Hakuna aliyemwambia Papa Sadiki la kufanya. Alikisogeza kinywa chake karibu na bafle, mahali ambapo hapakuwa na haja ya kusema, maana kinasa sauti kilikuwa kwenye simu ya Neema. Neema akaisogeza simu hadi kidevuni pake.

"Tumepata, mutoto wangu," akasema. "Bote tumepata."

Kuna jambo moja la mwisho la kiufundi. Mtambo unaobana sauti katika mtandao ule wa zamani ulitengenezwa kwa ajili ya mtu anayezungumza. Kelele nyingine huzitupa ili kubana nafasi: upepo, ngoma, mvua. Nilijua kwamba udongo ukigonga jeneza, Bahati hatausikia. Sikumwambia mtu. Sijui Papa Sadiki alijuaje. Labda hakujua, labda alifanya tu kama ambavyo angemfanyia kipofu. Alimpa Furaha bafle, akainama na koti lake lililoloana, akachota udongo kwa mkono wa kuume.

"Bahati," akasema, "huu udongo wa kwanza haiko wa kwangu. Iko wa kwako. Niko nautupa sasa."

Akautupa. Sisi tuliusikia. Kisha akasimama na mkono wazi, akiitazama bafle, na watu wote juu ya kilima wakangoja pamoja naye wakati sauti ikienda na kurudi.

"Nimepata," Bahati akasema.

Ndipo wachimbaji wakashika majembe.